Je, Kipepeo Aweza Kusema Uongo?



Yako maswali mawili ambayo kila mwalimu wa dini huyasikia mara kwa mara. La kwanza aghalabu hutoka kwa vijana waliosoma elimu ya viumbe shuleni. Wao husema: “Mnatufundisha kwamba uongo ni dhambi. Lakini maumbile yenyewe yamejaa udanganyifu. Panzi hujifanya jani kavu, na nyoka asiye na sumu huvaa rangi za nyoka mwenye sumu. Ikiwa maumbile ni kazi ya Mwenyezi Mungu, kwa nini mwanadamu akatazwe jambo ambalo mdudu ameruhusiwa?”

Swali la pili hutoka kwa watu wazima, nalo lina uchungu ndani yake. Wao husema: “Nimewaona wengi waliovaa vazi la uchaji Mungu, na nilipowakaribia nikakuta ndani yao hila na tamaa. Mmoja alinidhulumu mali yangu huku tasbihi iko mkononi mwake. Tangu hapo nimekata shauri kwamba dini yote ni vazi tu, na ndani ya vazi hamna kitu.”

Maswali haya huonekana kuwa mbalimbali, lakini mzizi wake ni mmoja, nao ni huu: Pana uhusiano gani baina ya sura ya nje na kile kilichomo ndani? Nataka leo tulichungue jambo hili pamoja, wala si kwa maneno matupu, bali kwa kumtazama kiumbe mmoja mdogo anayeishi katika misitu yetu, ambaye habari zake zaweza kuwajibu waulizaji wote wawili.

Kipepeo na makazi yake

Wataalamu humwita kipepeo huyu Papilio dardanus, na jina hilo analo tangu mwaka 1776. Sisi katika makala hii tutamwita kipepeo mwigaji. Huonekana katika nchi nyingi za Afrika zilizo kusini ya Jangwa la Sahara, na pia katika kisiwa cha Madagaska. Kwetu Afrika ya Mashariki yumo katika milima ya Usambara, katika misitu ya pwani, pande za Nairobi, na kandokando ya Ziwa Victoria huko Uganda. Hupenda msitu na kingo za msitu, mahali penye kivuli na uwazi kwa pamoja. Kwa sababu viwavi wake hula majani ya miti ya jamaa ya mchungwa na mlimau, iliyo mingi ya mwituni, naye mwenyewe akishakuwa kipepeo hutafuta maua na jua.

Dume wake hatambulikani kwa shida. Mabawa yake ni ya rangi ya manjano hafifu yenye kingo nyeusi, nayo yakikunjuliwa upana wake ni kama sentimita 9. Nyuma yana mikia miwili mfano wa mkia wa mbayuwayu. Hana sumu wala uchungu, na ndege akimkamata humla kwa raha.

Ajabu iko kwa jike. Katika sehemu kubwa ya bara, jike hafanani na mumewe hata kidogo. Hana mikia, wala hana ile rangi ya manjano. Tena majike wenyewe hawana vazi moja. Wako wenye rangi ya machungwa na ncha nyeusi zilizotiwa mabaka meupe. Wako weusi wenye mabaka makubwa meupe. Wako weusi wenye madoa madogo na rangi ya hudhurungi kwenye mabawa ya nyuma. Na kwenye misitu ya Uganda na magharibi ya Kenya wako wa sura nyingine tena. Ndugu wa tumbo moja, waliotoka katika mayai ya mama mmoja, waweza kuvaa mavazi mbalimbali kana kwamba ni wageni kwa wageni.

Mavazi hayo si ya kubahatisha. Kila moja linafanana na vazi la kipepeo mwingine anayeishi mahali pale pale, wa ukoo ulio mbali kabisa. Yule wa rangi ya machungwa amemwiga Danaus chrysippus, kipepeo anayeonekana karibu kila shamba na kila kando ya njia katika nchi zetu. Yule mweusi mwenye mabaka makubwa meupe amemwiga Amauris niavius wa msituni. Na hao wanaoigwa wana sifa moja inayowaunganisha: ni wabaya mdomoni. Viwavi wao hula mimea yenye utomvu, ambayo mingi ina sumu, nao huihifadhi sumu ile mwilini mpaka wanapokuwa vipepeo. Kwa hiyo hupepea polepole, peupe, bila ya haraka, kama mtu anayepita mtaani akijua kwamba hana adui.

Jinsi siri ilivyofunuliwa

Kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya walidanganyika pia. Walikuwa na madume katika sanduku moja na majike katika masanduku mengine, na kila sura wakaipa jina lake, wakidhani kwamba ni vipepeo wa aina mbalimbali. Kisha mwaka 1862 Mwingereza Henry Walter Bates, aliyekaa miaka 11 katika misitu ya mto Amazon huko Amerika ya Kusini, alieleza kwamba vipepeo fulani wasio na sumu huwaiga wale wenye ladha mbaya, na kwa njia hiyo huokoka na ndege. Mwaka 1869 Roland Trimen, aliyekuwa akifanya kazi Cape Town, alitangaza kwamba zile aina nyingi za Afrika ni aina moja tu: dume mmoja mwenye mkia, na wake zake waliovaa nguo za watu.

Si wote waliokubali mara moja. Waliambiwa waamini kwamba kitu kimoja kina sura nne, na macho yao yalikataa. Kilichomaliza ubishi ni subira. Watu walichukua mayai, wakawalea viwavi, wakangoja, nao wakaona kwa macho yao sura zile mbalimbali zikitoka katika ukoo mmoja. Hapa pana fundisho la kwanza, ndugu msomaji, nalo ni dogo lakini latosha: jicho likitazama vazi peke yake laweza kupotea miaka mingi, mwenye kukaa na kitu tangu mwanzo wake hadi mwisho wake ndiye akijuaye.

Katika karne ya 20, daktari mmoja wa Liverpool, Cyril Clarke, pamoja na mwenzake Philip Sheppard, waliwazalisha vipepeo hawa kwa miaka mingi ili waone jinsi mavazi yanavyorithiwa. Mawazo waliyoyapata katika kazi hiyo ndiyo yaliyomwelekeza Clarke kuchunguza urithi wa damu ya binadamu, na katika miaka ya 1960 yeye na wenzake wakawa miongoni mwa waliovumbua njia ya kuzuia ugonjwa unaowaua watoto wachanga pale damu ya mama na damu ya mtoto zinapokhitilafiana. Hivyo ndivyo elimu ilivyo. Anayetafuta kweli kwa uaminifu katika jambo dogo hajui ni mlango gani utakaofunguliwa mbele yake.

Ndege na funzo lake

Sasa tumtazame yule anayedanganywa, yaani ndege. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Lincoln Brower, aliwapa ndege vipepeo wa Amerika walio jamaa ya huyu Danaus wetu. Ndege aliyekuwa hajapata kumwonja kipepeo huyo humla bila ya wasiwasi. Baada ya dakika chache huanza kutapika. Tangu siku hiyo akimwona kipepeo wa rangi zile humkataa kabisa. Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya maabara yo yote, wakasema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Basi jike wa kipepeo mwigaji huishi katika mshtuko ule. Yeye hana sumu, lakini ndege anakumbuka sumu ya mwingine. Naye ndiye anayehitaji ulinzi zaidi, kwa kuwa amebeba mayai, na hana budi kuruka polepole kutoka mti hadi mti akitafuta majani yatakayowafaa wanawe.

Je, huo ni uongo?

Tulijibu swali la yule kijana. Uongo una nguzo tatu. Kwanza ni ujuzi: mwongo anajua kwamba jambo si hivyo. Pili ni nia: anataka mwenzake aliamini. Tatu ni amana: yule anayeambiwa amemwamini msemaji, na msemaji anaivunja imani hiyo. Ikikosekana nguzo ya ujuzi, huwa ni kukosea. Ikikosekana nia, huwa ni kuteleza kwa ulimi. Kipepeo hana hata moja katika hizo tatu. Hakuchagua vazi lake, hajui kwamba analo, hajapata kujiona, wala hajampa ndege ahadi yo yote. Amezaliwa nalo kama wewe ulivyozaliwa na rangi ya macho yako. Kumwita mwongo ni kumpa heshima asiyo nayo, maana hawezi kusema uongo ila yule awezaye pia kusema kweli.

Lakini kijana mwenye akili hatanyamaza hapo. Atasema: “Haya, kipepeo hajui. Lakini aliyemwumba anajua. Je, Yeye hakumdanganya ndege?” Hili ni swali la haki, nalo halifai kukimbiwa. Jawabu ni kwamba hakuna mahali po pote ambapo ndege aliambiwa kuwa kila bawa la rangi ya machungwa lina sumu. Kanuni hiyo aliitunga mwenyewe baada ya kuonja mara moja au mara mbili. Ni kanuni nzuri, tena inamfaa, lakini ina mpaka, kama kanuni zote tunazozitunga kutokana na mambo machache tuliyoyaona. Tena ndege hakufungiwa mlango wa kujua. Wako ndege wanaomkamata kipepeo, wakamwonja kwa ncha ya mdomo, na wakimkuta mchungu wakamwachilia. Na vipepeo wenye sumu miili yao ni migumu, mara nyingi huokoka na jaribio hilo. Kweli ipo, na yule anayejitaabisha kuionja huifikia. Anayetosheka na rangi hubaki na rangi.

Wataalamu hueleza ya kwamba ni midomo ya ndege yenyewe iliyochuja mavazi haya kizazi baada ya kizazi: waliofanana kidogo waliliwa, na waliofanana zaidi walibaki wakazaa. Mwenye imani hana sababu ya kuogopa maelezo hayo. Kujua jinsi mvua inavyotokana na mawingu hakumwondoi Mwenye kuileta mvua.

Tena kijana yule amejificha nyuma ya hoja ambayo yeye mwenyewe hataikubali ikigeuzwa dhidi yake. Anasema: “Limo katika maumbile, kwa hiyo ni halali.” Simba dume akilitwaa kundi huwaua wana wa dume aliyemtangulia. Kekeo hutaga katika kiota cha ndege mwingine, akamwachia taabu ya kulea. Je, baba wa kambo akiua, au mzazi akimtupa mtoto mlangoni pa jirani, hakimu atamwachilia kwa kuwa simba na kekeo hufanya hivyo? Maumbile hutueleza mambo yalivyo. Hayatuambii sisi tuwe vipi. Kuambiwa tuwe vipi ni jambo linalomhusu mwenye hiari peke yake, na hiyo hiari ndiyo inayotutofautisha na kipepeo.

Kujificha na kujifanya

Kabla hatujaendelea, inafaa tutenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kipepeo huyu anapokuwa kiwavi mchanga hufanana na kinyesi cha ndege juu ya jani. Akikua huwa kijani kama jani lenyewe. Akiguswa hutoa pembe mbili laini zenye harufu kali. Na anapojifunga katika bumba lake huning'inia kama jani miongoni mwa majani. Katika hali hizo anajificha, au anajitetea kwa kile alicho nacho. Ni jike mkubwa tu anayepita hadharani akiwa na alama ya watu wengine.

Kwa mwanadamu tofauti hii ni kubwa. Hakuna sheria inayotutaka tumfungulie moyo kila mpita njia. Mtu aliyeingia katika imani mpya huku jamaa zake bado ni wakali, halazimiki kupiga mbiu sokoni siku ya kwanza. Kunyamaza kwake si uongo, na kungoja wakati mwema ni hekima. Lakini mtu akivaa alama ya kundi asilo na haki nalo, ili apate heshima yao, au biashara yao, au binti yao, huyo ametoka katika kujificha na ameingia katika kujifanya. Yeye anazo nguzo zote tatu: anajua, anakusudia, na ameaminiwa.

Bandia huishi kwa mkopo

Sasa tumgeukie muulizaji wa pili, yule aliyedhulumiwa na mwenye tasbihi. Yeye amepigana na kitu cha kweli, wala hatumlaumu kwa maumivu yake. Lakini na atazame hesabu moja.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, wachunguzi waliwahesabu vipepeo waigaji na wale wanaoigwa, mahali pawili. Huko Entebbe, Uganda, wale wenye ladha mbaya walikuwa wengi mno, wakiwazidi waigaji zaidi ya mara kumi. Pande za Nairobi hali ilikuwa kinyume chake: waigaji waliwazidi wanaoigwa. Na hali ya mavazi ilikuwaje? Huko Entebbe uigaji ulikuwa safi sana; wenye vazi lenye kasoro walikuwa kama 4 katika kila 100. Pande za Nairobi, karibu theluthi moja walikuwa na mavazi yasiyolingana vizuri na ya wale wanaoigwa.

Maana yake ni nini? Mahali ambapo wenye uchungu ni wengi, ndege wamefundishwa barabara, nao humkamata kila asiyefanana sawasawa. Bandia analazimika kuwa mkamilifu. Mahali ambapo wenye uchungu ni wachache, ndege wana mafunzo machache, na hata vazi bovu halimpunguzii mwenyewe kitu kikubwa. Yaani mahali ambapo kweli imeadimika, hata uongo huwa mzembe.

Basi wewe uliyedhulumiwa, jiulize: Yule mtu kwa nini alichagua tasbihi? Kwa nini hakuja kwako amevaa alama ya wezi? Kwa sababu alijua kwamba wako watu, kabla yake, walioshika tasbihi na wakarudisha amana, wakalipa deni, wakasema kweli hata ilipowaumiza. Wao ndio waliolipa vazi lile thamani. Yeye aliazima thamani hiyo akakuibia kwayo. Hakuna anayechapa noti bandia ya nchi isiyo na fedha. Ukikutana na bandia nyingi, usikate shauri kwamba hakuna noti halali; kata shauri kwamba iko noti halali yenye nguvu sana hata wezi wanaitamani. Kipepeo mwigaji, kwa kila pigo la bawa lake, anashuhudia kwamba mahali fulani katika msitu ule yuko kipepeo mwenye uchungu wa kweli.

Madhara yake kwa wakweli

Hata hivyo tusije tukafanya jambo hili jepesi. Mwigaji hula akiba asiyoiweka yeye. Waigaji wakizidi sana, ndege mchanga atawaonja wawili watatu, atawakuta watamu, na ataamua kwamba rangi ile haina maana. Kisha atamshambulia hata yule mwenye uchungu. Mwenye uchungu ataumia, pengine atakufa, kwa sababu ya deni asilolikopa. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ndivyo watu wanavyohukumu, na ndivyo ndege anavyohukumu.

Hapa ndipo ubaya wa unafiki ulipo. Mnafiki hajidhuru nafsi yake tu, wala hamdhuru yule aliyemwibia tu. Anachafua alama ambayo kwayo wanyonge walikuwa wakitambuana na wakweli. Mjane atafutaye mtu wa kumwekea akiba yake, mgeni atafutaye nyumba ya kulala salama, mtafutaji wa kweli agongaye mlango wa msikiti kwa mara ya kwanza, wote hao hutegemea alama. Mnafiki akishapita, mjane hamwamini mtu tena. Madhara hayo hayaandikwi katika hesabu ya polisi, lakini ndiyo makubwa kuliko fedha iliyopotea.

Hatari iliyo ndani

Mpaka hapa pengine mimi na wewe tumekaa kwa raha, tukiwafikiria wengine. Basi sikiliza jambo la mwisho, kwa maana hilo latuhusu sisi.

Mwaka 1967 Brower na wenzake walichapisha habari ya jaribio la ajabu. Waliwachukua vipepeo wale wale wa Amerika wenye sumu, wa ukoo halisi, wakafaulu kuwalea viwavi wao kwa majani ya kabichi badala ya mmea wao wa asili. Vipepeo wakatoka, na rangi zao zilikuwa zile zile, na mabawa yao yale yale. Hakuna jicho lililoweza kuwatofautisha na ndugu zao. Lakini ndege waliwala wala hawakutapika. Sumu haikuwamo, kwa kuwa haikuwamo katika chakula. Wachunguzi wengine wameona kwamba hata mwituni, miongoni mwa vipepeo wa jamaa hiyo, wako wasio na sumu ya kutosha, kwa sababu walipokuwa viwavi walikula mimea isiyokuwa nayo.

Zingatia, ndugu msomaji. Hawa si waigaji. Hawakuazima vazi la watu. Vazi ni lao kwa urithi, kutoka kwa baba na mama. Hakuna awezaye kuwaambia kwamba si wa ukoo ule. Walakini ndani hamna kitu. Wanalindwa na uchungu wa ndugu zao, kama vile yule mgeni anavyolindwa. Wazee walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mtu aweza kuzaliwa katika nyumba ya dini, akapewa jina la dini, akajua salamu zake na sikukuu zake, lakini miaka yote ya kukua kwake akalishwa kabichi: hadithi za majirani, hesabu za faida, hamu ya kusifiwa. Vazi liko kamili. Siku jaribu litakapomdonoa, ndipo itakapojulikana alikula nini. Na mtu aliyeingia katika imani jana tu, ambaye bado hajui hata kuvaa kilemba vizuri, pengine amekula mmea wenyewe kwa njaa ya kweli, na uchungu wa haki umeingia katika damu yake. Akiambiwa ashuhudie uongo, ulimi wake unakataa.

Kwa hiyo usimwonee haya aliyekutangulia kwa vazi, wala usijivune kwa vazi ulilorithi. Jiulize swali moja la kiwavi: Ninakula nini kila siku? Ninasoma nini, ninasikiliza nini, ninakaa na nani, ninafanya nini wakati hapana anionaye? Tabia haitoki katika vazi kuingia ndani. Hutoka katika chakula, na vazi hulifuata.

Na hapa tunakuta tofauti yetu na kipepeo kwa mara ya mwisho. Yeye anapokwisha kupata mabawa hawezi tena kurudi kuwa kiwavi na kula jani jingine. Amekwisha kuwa alivyo. Mwanadamu hakufungwa hivyo. Mwenye miaka 60 aweza kuanza leo kula chakula cha kweli. Mnafiki wa jana aweza kurudisha alichokiiba, akaomba radhi, na polepole likajaa lile vazi ambalo alikuwa amelivaa tupu. Mlango huo wa toba hakufunguliwa kipepeo, naye hauhitaji. Tumefunguliwa sisi, kwa kuwa sisi tunauhitaji.

Basi ukipita msituni au kandokando ya shamba, ukamwona kipepeo wa rangi ya machungwa akipepea bila ya haraka, hutajua kwa macho kama ni mchungu au ni mwigaji, wala si kazi yako kujua. Huyo si mwongo, hata akiwa mwigaji. Lakini rudi nyumbani ukiwa na swali juu ya nafsi yako.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe ndani kama tunavyoonekana nje, awatulize nyoyo wale waliodhulumiwa na wenye mavazi matupu, na amwongoze kila mtafutaji mpaka aifikie kweli kwa kuionja yeye mwenyewe. Amin.